Kupanua throtoli ya gari la kasi: Faida, hasara na vipimo vyake

WAMILIKI wengi wa magari ya kasi yanayotumia petroli hupenda kubadilisha kifaa kimoja kabla ya vingine vyote: throtoli, yaani mlango wa kupitishia hewa inayoingia katika injini. Ile iliyotoka kiwandani hung'olewa na mahali pake kutiwa nyingine yenye tundu pana zaidi, kwa matumaini kwamba gari litaitika upesi na kwa ulaini kila dereva anapokanyaga.

Matumaini hayo hutimia wakati mwingine. Hata hivyo, si ajabu mwenye gari kutumia fedha nyingi akaishia kuwa na gari linaloruka-ruka kwenye msongamano, linalozimika penye taa za barabarani, na ambalo nguvu zake za juu hazikuongezeka hata chembe.

Tofauti baina ya matokeo hayo mawili haitokani na bahati. Inategemea jibu la swali moja ambalo wanunuzi wengi hawalitafuti mapema: je, throtoli ndiyo sehemu finyu zaidi katika njia ya hewa ya injini hiyo? Kama siyo, kuipanua ni sawa na kupanua mlango wa sebule ilhali wageni wote wamekwama langoni.

Mguu hukanyaga hewa

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba dereva "amekanyaga mafuta". Kwa injini ya petroli, usemi huo hausawiri mambo yalivyo. Kinachofunguliwa na mguu ni njia ya hewa, si ya mafuta.

Ndani ya throtoli mna kisahani cha chuma kilichofungwa kwenye mhimili mwembamba unaokatiza katikati ya tundu. Mguu unapoachilia, kisahani huziba karibu tundu lote na kubakisha upenyo mdogo tu. Dereva akikanyaga hadi mwisho, kisahani husimama sambamba na mkondo wa hewa, nayo hewa hupita bila kizuizi kikubwa isipokuwa unene wa kisahani chenyewe na mhimili wake.

Hewa ikishapita, sensa huikadiria na kupeleka habari kwa kompyuta ya injini. Kompyuta nayo huamua kiasi cha petroli kinachopasa kunyunyizwa. Kipimo cha msingi ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani. Kwa hivyo, petroli hufuata hewa, na nguvu za injini haziwezi kupita kiwango cha hewa inayofika kwenye silinda.

Injini nyingi za dizeli hazitawaliwi hivyo. Hizo huvuta hewa kadiri ziwezavyo, na mguu wa dereva huamua kiasi cha mafuta. Ndiyo sababu mjadala wa kupanua throtoli ni wa magari ya petroli, wala hauna maana kubwa kwa lori au matatu ya dizeli.

Zamani kisahani hicho kilikuwa sehemu ya kabureta, iliyochanganya hewa na mafuta pamoja. Mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kutumia kompyuta uliingia katika magari ya kawaida mwaka wa 1967, pale kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipoanza kuutumia katika magari ya Volkswagen. Kadiri kabureta ilivyoachwa, throtoli ikabaki kifaa cha kujitegemea chenye kazi moja tu ya kutawala hewa. Tangu hapo ikawa rahisi kwa fundi kuing'oa na kutia nyingine.

Hesabu ya tundu

Anayetaka kujua kama throtoli ya gari lake ni finyu anaweza kuanza kwa hesabu. Chukua mfano wa injini ya lita 2.0 yenye mipigo minne. Injini ya aina hiyo hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, itavuta takriban lita 7,000 za hewa kwa dakika, au lita 117 kwa sekunde.

Throtoli yenye kipenyo cha milimita 60 ina eneo la milimita za mraba 2,827. Hewa hiyo ikipita hapo, kasi yake itakuwa mita 41 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kasi ya sauti, ambayo ni karibu mita 340 kwa sekunde. Shinikizo linalopotea kwa hewa kupita kwenye mlango wa namna hiyo, kisahani kikiwa wazi kabisa, ni dogo: kilopaskali 1 au 2 tu kati ya zaidi ya 80 zilizopo Nairobi, au 101 zilizopo Mombasa.

Throtoli ikipanuliwa hadi milimita 70, eneo lake huwa milimita za mraba 3,848. Hilo ni ongezeko la asilimia 36. Mtu akiona takwimu hiyo peke yake, aghalabu hudhani kwamba nguvu nazo zitaongezeka kwa kadiri hiyo. La hasha. Kinachookolewa ni sehemu ya zile kilopaskali 1 au 2 zilizokuwa zikipotea. Katika injini isiyobadilishwa kwingineko, faida hiyo ni ndogo kiasi kwamba dereva hawezi kuihisi.

Mambo hubadilika injini yenyewe inapobadilishwa. Ikiongezewa ujazo, ikitiwa kemushafti zinazofungua vali kwa muda mrefu zaidi, au ikiwezeshwa kuzunguka mara 9,000 kwa dakika, hewa inayohitajika huongezeka na hasara hukua upesi kuliko kasi yenyewe. Kasi ya hewa ikiongezeka maradufu, shinikizo linalopotea huwa mara nne. Hapo ndipo throtoli pana inapoanza kulipa gharama yake.

Kwa nini gari huonekana limechangamka?

Pamoja na hayo yote, wengi waliopanua throtoli huapa kwamba gari limebadilika. Hawasemi uongo. Wanachokihisi ni cha kweli, ila maana yake siyo ile wanayoidhania.

Kisahani hakifungui njia kwa kiwango sawa kila kinapozunguka. Kwa hesabu ya kijiometria, kikigeuka digrii 30 kutoka penye kufungwa huwa kimefungua asilimia 13 tu ya eneo. Kikifika digrii 60 huwa kimefungua nusu. Sehemu nyingine yote hufunguka katika digrii 30 za mwisho.

Sasa linganisha throtoli mbili zikiwa zimegeuzwa digrii 20. Ile ya milimita 60 hufungua takriban milimita za mraba 170, na ya milimita 70 hufungua 232. Mguu umeshuka kiasi kile kile lakini hewa imepata njia kubwa zaidi. Gari litaruka mbele, na dereva atasema nguvu zimeongezeka. Kumbe angepata mwendo huo huo katika throtoli ya zamani kwa kukanyaga zaidi kidogo.

Huo ndio mtego wa jambo hili. Mwitiko wa haraka na mwitiko laini ni vitu viwili tofauti, na mara nyingine hukinzana.

Injini ya lita 2.0 inapozunguka mara 2,000 tu kwa dakika haihitaji njia kubwa. Kisahani cha milimita 60 kikifika digrii 30 hivi, silinda huwa zinapata karibu hewa yote zinazoweza kuvuta katika mwendo huo. Kukanyaga zaidi hakuongezi kitu. Katika throtoli ya milimita 70, kikomo hicho hufikiwa kwenye digrii 26. Kwa maneno mengine, nguvu zote za mwendo wa chini zimebanwa katika nafasi ndogo zaidi ya mguu. Dereva aliye kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa, anayetaka gari lisogee hatua mbili tu, atatatizika kulituliza.

Watengenezaji wa throtoli nzuri hulijua tatizo hili. Katika zile zinazovutwa kwa waya, gurudumu la kuvutia huchongwa kwa umbo la yai badala ya duara, ili kisahani kifunguke polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Mnunuzi wa throtoli pana asiyetazama umbo la gurudumu hilo amenunua upana, bali ulaini ameuacha dukani.

Kamba hukatikia pembamba

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hakuna mahali ambapo methali hiyo hudhihirika katika uhandisi wa magari kama katika mbio za magari za dunia, mashindano ambayo Wakenya wameyafuata kwa miaka mingi kupitia Safari Rally.

Kuanzia mwaka wa 1995, sheria za shirikisho la kimataifa la FIA zilitaka hewa yote iingiayo katika turbo ya magari ya daraja la juu ipite kwenye kizuizi chenye tundu la milimita 34. Eneo la tundu hilo ni milimita za mraba 908, ambalo halifikii hata theluthi moja ya throtoli ya milimita 60. Licha ya udogo huo, injini za lita 2.0 za magari hayo zilitoa takriban nguvu za farasi 300.

Subaru Impreza aliloendesha Colin McRae aliposhinda Safari mwaka wa 1997, na lile aliloshinda nalo Richard Burns mwaka wa 2000, yote yalipumua kupitia tundu hilo dogo. Mhandisi wa timu hizo hangepata faida yoyote kwa kutia throtoli mara mbili ya ile iliyokuwapo. Hewa inapopita kwenye kizuizi na kufikia kasi ya sauti, haiwezi kuongezeka tena hata njia za mbele zikipanuliwa vipi.

Thamani ya tundu hilo ilidhihirika kwa njia ya aibu mwaka huo huo wa 1995. Magari ya Toyota Celica yalikuwa yamejizolea sifa kubwa nchini Kenya. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Mkenya Ian Duncan alikuwa ameshinda Safari akiendesha Celica. Katika mbio za Catalunya nchini Uhispania, wakaguzi wa FIA waligundua kwamba kizuizi cha turbo katika Celica za timu ya Toyota kiliundwa kwa ujanja. Kilipofungwa katika gari, kiliweza kusogea na kuacha mwanya wa milimita chache wa kupitishia hewa ya ziada. Kilipofunguliwa kwa ukaguzi, kilirudi mahali pake kana kwamba hakuna lililotendeka.

Toyota na madereva wake walinyang'anywa alama zote za msimu huo, na timu ikapigwa marufuku kwa miezi 12. Timu yenye wahandisi hodari kiasi hicho ilihatarisha jina lake kwa ajili ya mwanya katika sehemu finyu kuliko zote. Haikuhangaika na throtoli, kwa sababu ilijua hewa yake imekwamia wapi.

Funzo kwa mwenye gari la kawaida ni lilo hilo. Kabla ya kupanua chochote, sharti kwanza ajue penye ufinyu.

Magari yenye turbo

Subaru Impreza WRX, gari linalopendwa sana na vijana nchini Kenya, lina turbo. Katika gari la namna hii, hewa hupita kwanza kwenye kichujio, kisha kwenye turbo inayoikandamiza, halafu kwenye kipoza hewa, na ndipo ifike kwenye throtoli.

Hewa iliyokandamizwa huchukua nafasi ndogo. Kwa hivyo, ingawa injini ya turbo humeza hewa nyingi zaidi kwa uzani, ujazo unaopita kwenye throtoli haupiti sana ule wa injini isiyo na turbo yenye ukubwa na mwendo sawa. Hii ndiyo sababu throtoli ya kiwandani huweza kuhudumia injini ya turbo hata baada ya nguvu zake kuongezwa kwa kiasi cha kadiri.

Isitoshe, kile ambacho madereva wa magari ya turbo hulalamikia, yaani kukanyaga kisha kungoja kabla ya gari kufyatuka, mara nyingi si kosa la throtoli. Turbo huendeshwa na moshi wa ekzosi, na huhitaji muda kufikia mwendo wake. Throtoli iliyo wazi haiwezi kuharakisha turbo ambayo haijapata moshi wa kutosha. Tiba ya ugonjwa huo ipo katika ukubwa wa turbo, mabomba ya ekzosi, mabomba ya hewa yasiyovuja na mpangilio wa kompyuta.

Throtoli moja kwa kila silinda

Kuna njia nyingine ya kuharakisha mwitiko ambayo viwanda vyenyewe vimeitumia: kuipa kila silinda throtoli yake, karibu kabisa na vali. Nissan Skyline GT-R ya mwaka wa 1989 ilikuwa na throtoli sita kwa silinda sita. Toyota nayo iliweka throtoli nne katika injini yake ya 4A-GE yenye vali 20, na BMW ikafanya hivyo katika vizazi kadhaa vya M3.

Siri ya mpangilio huu haimo katika upana pekee. Throtoli inapokuwa moja, kati yake na vali pana chumba kikubwa ambacho sharti kijae hewa kabla ya silinda kuhisi mabadiliko. Throtoli ikisogezwa karibu na vali, chumba hicho hupungua na injini huitika papo hapo.

Gharama yake ni kubwa. Throtoli zote lazima zifunguke kwa kiwango kile kile, la sivyo injini itatetemeka. Aidha, breki za magari mengi ya petroli husaidiwa na ombwe linaloundwa nyuma ya throtoli. Throtoli zikiwa nyingi, ombwe hilo hupwaya na kuyumba, na fundi asipoweka tangi la kulihifadhi, pedali ya breki inaweza kuwa ngumu wakati dereva anapoihitaji zaidi.

Vipimo kabla ya kununua

Njia ya uhakika ya kujua kama throtoli inabana ni kupima shinikizo la hewa. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana sensa inayofanya kazi hiyo, na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari anaweza kuona takwimu zake injini ikiwa kazini.

Katika injini isiyo na turbo, dereva hukanyaga hadi mwisho mahali salama na pa faragha, si kwenye barabara ya umma, na fundi husoma shinikizo lililo nyuma ya throtoli injini inapokaribia mwendo wake wa juu. Likiwa karibu sawa na shinikizo la hewa ya nje, basi njia haina tatizo na throtoli pana haitaleta kitu. Likiwa chini kwa kilopaskali kadhaa, pana ufinyu mahali fulani.

Hapo inafaa kupima tena mbele ya throtoli, baada ya kichujio. Ikiwa shinikizo limeshapungua hata kabla hewa haijaifikia throtoli, mkosaji ni kichujio kilichojaa vumbi au bomba lililobonyea. Kichujio kipya hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya throtoli.

Mwenye kupima lazima azingatie mahali alipo. Jiji la Nairobi liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kilopaskali 83 hivi. Fundi anayelinganisha kipimo chake na kilopaskali 101 za Mombasa atadhani injini inabanwa, kumbe ni mwinuko wa mahali tu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake inapopanda kutoka pwani hadi Nairobi, na hakuna throtoli, hata ingekuwa pana kama sufuria, inayoweza kurejesha hewa ambayo haipo.

Usafi kwanza

Kabla ya kufikiria kubadilisha, ni busara kuisafisha iliyopo. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini huchanganyika na vumbi laini na kuganda kuzunguka ukingo wa kisahani. Utando huo mweusi hufanya kisahani kinate kinapofungwa. Dereva akikanyaga taratibu, hakiendi. Akiongeza kidogo, hubanduka ghafla na gari huruka. Katika gari lililokwisha kutumika kwa miaka mingi, hasa linalopita barabara za vumbi, hali hii ni ya kutarajiwa.

Dawa yake ni kimiminika maalumu cha kusafishia throtoli, kitambaa laini na subira. Kisahani hakipaswi kukwaruzwa kwa bisibisi wala kusuguliwa kwa brashi ya waya, kwa kuwa vingine vimepakwa rangi maalumu ya kukifanya kizibe vyema. Throtoli inayoendeshwa na mota ya umeme haifai kusukumwa kwa nguvu kwa kidole. Swichi ya gari iwe imezimwa, kwani kisahani kinaweza kujifunga ghafla na kujeruhi mkono.

Mambo mengine yanayoharibu ulaini wa gari ni waya uliolegea, mpira wa hewa uliopasuka, na mipira ya kushikilia injini iliyochakaa. Mtu akitia throtoli mpya bila kuyarekebisha hayo, kasoro zote zitabaki palepale na pengine kuzidi.

Kompyuta nayo ina neno

Katika magari mengi ya karne hii, hakuna waya kati ya mguu na throtoli. Pedali hupeleka ishara kwa kompyuta, na kompyuta huamua kisahani kifunguke kiasi gani. Kwa usalama, kwa kawaida pedali huwa na sensa mbili na throtoli mbili. Zikitofautiana, kompyuta hupunguza nguvu za gari ili lifike kwa fundi polepole.

Mfumo huu una maana mbili kwa anayetaka mabadiliko. Kwanza, kompyuta inajua eneo la throtoli ya kiwandani. Ikitiwa pana zaidi bila kurekebisha takwimu zake, itakosea hesabu ya hewa, taa ya hitilafu itawaka na injini inaweza kuunguruma ovyo gari likiwa limesimama.

Pili, uzito wa mwitiko unaolalamikiwa huenda uliwekwa makusudi na kiwanda, kwa ajili ya starehe ya abiria na kupunguza moshi. Katika hali hiyo, mtaalamu anaweza kubadilisha mpangilio wa kompyuta na kulifanya gari liitike vizuri bila kugusa chuma chochote. Vile visanduku vinavyouzwa vya kuunganishwa kwenye pedali hubadilisha ishara ya mguu tu. Haviongezi nguvu hata moja.

Kufunga kwa uangalifu

Ikiwa vipimo vimethibitisha kwamba throtoli ndiyo inayobana, kazi ya kuibadilisha si ngumu kwa fundi makini. Injini iachwe ipoe kwanza, kwa kuwa katika magari mengi maji ya moto ya injini hupitia ndani ya throtoli na huweza kuunguza. Waya hasi wa betri utolewe.

Mdomo wa bomba la kugawia hewa upimwe. Throtoli ya milimita 70 ikifungwa juu ya mdomo wa milimita 60, hewa itagonga ngazi na kuvurugika, na fedha zitakuwa zimetupwa. Mdomo huo lazima uchongwe ulingane, kama unene wa chuma unaruhusu. Gasketi iwe mpya na tundu lake lilingane pia. Bolti zikazwe kwa zamu, za pembe mkabala, ili throtoli isipinde.

Baada ya hapo kisahani kikaguliwe: kifunguke hadi mwisho pedali inapokanyagwa kabisa, na kirudi chenyewe bila kunata mguu unapoachilia. Injini iachwe iungurume hadi ipate joto lake la kawaida ili kompyuta ijifunze upya, kwa kufuata utaratibu wa mtengenezaji wa gari. Kisha mchanganyiko wa hewa na petroli upimwe, kwa sababu injini inayopata hewa nyingi kwa petroli haba huwa na joto la kupindukia na inaweza kutoboa pistoni.

Usalama wa maisha

Throtoli si pambo. Ikinata ikiwa wazi, gari huendelea kwenda dereva asipotaka. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka wa 2009 na 2010, Toyota ilipolazimika kurejesha mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia ya sakafuni yaliyonasa pedali na pedali zilizochelewa kurudi. Wahandisi wa shirika la NASA la Marekani walioombwa kuchunguza mfumo wa umeme wa throtoli walitoa ripoti mwaka wa 2011, wakisema hawakupata kasoro ya umeme iliyosababisha visa hivyo. Vitu vidogo vya kawaida, kama zulia, vilitosha kuhatarisha maisha.

Kwa sababu hiyo, throtoli ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka, yenye mhimili uliolegea au springi hafifu, haifai kufungwa katika gari lolote litakalobeba watu. Mnunuzi akiwa dukani anaweza kuigeuza kwa mkono na kuiachilia mara nyingi. Ikisita hata mara moja, airejeshe.

Endapo throtoli itanata safarini, dereva akanyage breki kwa nguvu mara moja bila kuachilia, atoe gari kwenye gia na kulisimamisha kando ya barabara, ndipo azime injini. Kukanyaga breki na kuachilia tena na tena ni hatari, kwani throtoli ikiwa wazi hakuna ombwe jipya la kusaidia breki, na lile lililobaki huisha upesi. Kuondoa ufunguo gari likiwa mbioni nako huweza kufunga usukani.

Mwenye gari pia anashauriwa kuiarifu kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko yoyote ya injini, asije akanyimwa fidia siku ya mkasa.

Kwa jumla, throtoli pana humfaa mwenye injini iliyokwisha kubadilishwa na ambayo vipimo vinaonyesha inabanwa hapo. Kwa gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, usafi wa throtoli, kichujio kizuri, mabomba yasiyovuja na mpangilio sahihi wa kompyuta huleta ulaini mwingi zaidi kwa fedha chache zaidi. Anayeanza kwa kipimo cha shinikizo hulipa mara moja. Anayeanza kwa throtoli aghalabu hulipa, kisha hurudi kupima.